Je, Yafaa Kuipima Kazi ya Ndugu?

Watu wengi hudhani kwamba swali gumu katika msaada wa ndugu ni hili: nani atasaidia, na nani atakataa? Lakini liko swali gumu kuliko hilo, nalo huja baadaye, ndugu wakiisha kusaidia, tena wakiwa wamesaidia kwa moyo mweupe bila kudai hata faranga moja. Je, kazi yao ipimwe kama ipimwavyo kazi ya fundi aliyelipwa? Au ipokewe kama ilivyo, kwa shukrani na kwa kunyamaza?

Shambani swali hilo ni dogo. Shemeji akilima mstari uliopinda, mahindi yataota yamepinda, watu watacheka, basi. Lakini katika miji iliyo kando ya maji mambo ni mengine, maana huko ndugu hukusanyika mara nyingi juu ya mashua, na mashua haicheki na mtu.

Mji wa Goma ni mmoja wa miji hiyo. Umekaa pembeni mwa ziwa Kivu, juu ya mawe meusi ya volkano. Mwaka 2002, tarehe 17 Januari, moto wa Nyiragongo ulishuka ukapasua mji katikati, ukaenda kuzimika ndani ya ziwa. Mwaka 2021, tarehe 22 Mei, mlima huo ulimwaga moto tena, ukafika ukingoni mwa mji. Katikati ya mambo hayo vita vimekwenda na kurudi. Basi si ajabu kuona huko mashua iliyoachwa. Mwenyewe amekufa, au amekimbia, au mota iliharibika na fedha ya kununua vyombo vipya haikupatikana. Mwaka wa kwanza watu husema, Itatengenezwa. Mwaka wa tatu husema, Ilikuwa mashua nzuri. Mwaka wa tano kuku wanataga ndani yake.

Msomaji na awaze jamaa moja ya namna hiyo, ambayo haina haja ya kupewa jina kwa kuwa mfano wake ni mingi. Baba amefariki, ameacha mashua ya mbao yenye urefu wa hatua kumi hivi, pamoja na mota ya kufungwa nyuma. Alikuwa akichukua mizigo na watu kati ya Goma na vijiji vya ukingoni, na mara nyingine hata kisiwani Idjwi. Mwana mkubwa anakusudia kuifufua. Hana fedha za kutosha kuajiri mafundi, lakini ana ndugu. Baba mdogo, ambaye zamani alikuwa seremala, anakuja na nyundo yake. Mdogo mmoja anafahamu pikipiki, kwa hiyo anapewa mota. Dada anapika lami na kuwapelekea watu wa kazi. Mjomba analeta mbao ngumu kutoka upande wa Beni. Mama anapika chakula cha wote kila siku, jambo ambalo wengi husahau kulihesabu, ijapokuwa bila chakula hicho hakuna nyundo ambayo ingeinuka.

Yafaa kueleza kazi yenyewe, maana asiyeijua hawezi kuona shida iko wapi. Kwanza mashua hupinduliwa juu ya magogo, kwa uangalifu, kwa kuwa mawe ya volkano ni makali kama shoka na hukwaruza mbao. Kisha rangi yote ya zamani hukwanguliwa. Hapo ndipo kweli huanza kuonekana. Mtu hutwaa kisu chembamba, akachoma ubao mmoja baada ya mwingine. Ubao mzima hukataa kisu. Ubao uliooza hukipokea kama muhogo uliochemshwa. Mbao zilizooza hung'olewa, na nyingine hutiwa mahali pake. Kisha huja kazi ya kukalafati, yaani kuzijaza nafasi zilizo kati ya ubao na ubao kwa nyuzi za pamba, zikipigwa kwa patasi butu zishikane sawasawa, na juu yake hupakwa lami. Pamba ikiwa chache, maji hupita. Ikiwa nyingi mno na kupigwa kwa nguvu mno, mbao zikilowa na kuvimba husukumana hata misumari ikalegea. Kipimo chake ni mkono wa fundi. Na baada ya lami huja rangi, nayo hufunika yote, mema na mabaya pamoja.

Basi siku moja dada, aliye karibu zaidi na mbao kwa sababu ndiye apitishaye lami, anaona kwamba mstari ule wa chini, karibu na mkuku, yaani ule mti mrefu ulio uti wa mgongo wa mashua, haukujazwa vizuri. Pamba ni nyembamba, na mahali pengine haipo kabisa. Mstari huo ni kazi ya baba mdogo. Mzee huyo amekuja kila siku kwa miguu, macho yake yamefifia, hakuomba kitu, na jioni huimba nyimbo za marehemu kaka yake. Kesho yake watapaka rangi.

Dada afanye nini?

Wako watakaomshauri anyamaze, nao si watu wabaya. Watasema: mzee ametoa alichonacho, kumwambia kwamba kazi yake haifai ni kumwambia kwamba yeye mwenyewe hafai tena. Tena, zawadi haikaguliwi. Mtu akiletewa kikapu cha viazi hamwagi viazi mbele ya mgeni ili atafute vilivyooza. Na zaidi ya hayo, wao watasema, binti mdogo hana haki ya kumsahihisha mzee wa ukoo.

Neno la mwisho halina uzito mwingi. Adabu huongoza namna ya kusema. Haijawahi kuamuru kwamba lisisemwe. Binti anaweza kwenda kwa mama yake usiku, na mama akasema na mwana mkubwa, na mwana mkubwa akatafuta njia. Katika kila ukoo zipo njia za namna hiyo, nazo ziliwekwa ili maneno mazito yapite bila kuvunja watu.

Lakini neno la zawadi linastahili kufikiriwa vizuri zaidi. Ni kweli kwamba viazi havikaguliwi mbele ya mgeni. Kwa nini? Kwa sababu viazi vimetoka kwa mtoaji vikafika kwa mpokeaji, na hesabu imeisha hapo. Kimoja kikiwa kimeoza, mpokeaji mwenyewe ndiye mwenye hasara, naye ana haki ya kuisamehe, kwa kuwa ni yake. Mapendo yanaweza kusamehe hasara ya mwenye kusamehe. Je, yanaweza kusamehe hasara ya mtu wa tatu, ambaye hakuulizwa?

Na mashua daima ina mtu wa tatu. Msomaji na amwaze mama mmoja wa kijijini mwenye mafungu ya mboga na kuku wawili, anayetaka kufika sokoni kabla jua halijawa kali. Anafika ufukoni, anaona mashua iliyopakwa rangi ya buluu, inang'aa, anatoa nauli na kuketi. Hakuona kisu kikichoma mbao. Hakumjua marehemu wala nyimbo zake. Yeye hana njia ya kuuona mstari ule wa chini. Kwa hiyo hutoa vitu viwili, nauli mkononi na uhai wake pamoja nayo, na hiki cha pili hukitoa bila hata kufikiri. Ziwa Kivu, katika vilindi vyake, linafika mita 480 hivi. Mtu akinyamaza kwa ajili ya heshima ya mzee, anailipia heshima hiyo kwa mali ya yule mama. Hapo haki inatangulia mapendo. Au tuseme sawasawa zaidi, mapendo yanayomsahau mama huyo yamepunguka, hata yakijiita upole.

Huenda mtu akajibu: Lakini mstari ule huenda usivuje kamwe. Huenda. Na huenda ukavuja siku ya upepo mkali, mzigo ukiwa mkubwa, ufuko ukiwa mbali. Asiyejua hali ya mashua yake kwa sababu hana njia ya kujua ni mtu asiye na bahati. Asiyejua kwa sababu hakutaka kuuliza ni mtu wa namna nyingine kabisa. Wazee husema, mficha maradhi kifo humuumbua, na katika habari ya mashua anayeumbuliwa na kifo si yule aliyeficha.

Basi imekubaliwa kwamba kazi ipimwe. Inabaki kutafuta namna, na hapo ndipo wengi wanaokusudia mema huharibu. Mwana mkubwa akienda moja kwa moja kwenye mstari wa baba mdogo, akaung'oa mbele ya vijana, amesema kweli lakini amemvunja mzee. Na kweli iliyosemwa hivyo hufundisha vijana jambo baya, yaani kwamba anayesaidia ataaibishwa; basi mwaka ujao hakuna atakayekuja na nyundo.

Waunda mashua wana desturi ambayo ni ya hekima kuliko wanavyojua. Kabla ya rangi ya mwisho, mashua ikiwa bado nchi kavu, imesimamishwa sawasawa juu ya magogo, humwagiwa maji ndani, si mpaka juu, ila kiasi cha kufunika mbao za chini. Mara ya kwanza itatoka jasho kila mahali, maana mbao zimekauka miaka mingi. Huachwa usiku kucha, na mchana, na usiku wa pili. Mbao hunywa maji, huvimba, na matundu madogo hujifunga yenyewe. Asubuhi ya pili watu huzunguka mashua kwa utulivu na kipande cha chaki. Pale panapoendelea kudondoka, hutia alama.

Maji hayo hayamjui mzee wala kijana. Hayamjui aliyelipwa wala aliyekuja bure. Hupima mistari yote kwa kipimo kimoja, na kwa hiyo hayamtukani mtu. Mwana mkubwa akiwa na akili, ataanza kuzunguka upande wa kazi yake mwenyewe, na atatia chaki pale palipo pake kwanza, kwa sauti, wote wasikie. Katika kazi ya watu sita wasio mafundi hapatakosa mahali pa kutia. Kisha atasema, "Baba mdogo, hapa pangu maji yanapita. Nionyeshe zamani mlikuwa mkipigaje pamba." Mzee atainama, ataonyesha, na mkono wake ukiwa ukionyesha, macho yake yatafika yenyewe kwenye mstari wa chini, ambako matone yanadondoka. Wengi wa wazee, wakifikishwa hapo kwa heshima, hawangoji kuambiwa. Atasema, "Na pale pangu pia." Basi kijana mwenye macho mazuri atashika patasi, na mzee atakaa karibu naye akimwongoza kwa neno na kwa kusikiliza mlio, kwa maana pamba iliyopigwa vizuri ina mlio wake, na masikio ya mzee hayajafifia.

Kuna mtu atakayesema kwamba huo ni ujanja. La. Ujanja ungekuwa kuufumua mstari ule usiku kwa siri na kumwacha mzee aamini kwamba kazi yake ndiyo inayobeba mashua. Hapo angeheshimiwa kama mtoto anavyobembelezwa. Hapa amepewa kweli, na amepewa nafasi ya kuitengeneza.

Yafaa pia kukumbuka mfano mmoja mkubwa, ambao haukutokea Kivu bali ziwa Tanganyika, kule yanakokwenda maji ya Kivu kwa mto Ruzizi. Wajerumani walijenga meli huko Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaileta kwa bahari na kwa reli hata Kigoma, ikaunganishwa tena, ikashushwa ziwani mwaka 1915. Jina lake lilikuwa Goetzen. Vita vilipowaelemea, mwezi wa Julai 1916, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe ili adui asiipate. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo mafuta mazito, kila mahali, kwa uangalifu, wakitumaini kuirudia. Hawakuirudia. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakakuta mitambo inaweza kutumika, na mwaka 1927 ikaanza kuchukua watu tena kwa jina jipya la Liemba. Mitambo ile ya mvuke iliendelea kufanya kazi miaka mingi, mpaka ilipobadilishwa kwa ya dizeli katika miaka ya 1970.

Mafundi wale hawakuwa ndugu wa wasafiri wa Liemba. Walikuwa adui wa wale walioiinua. Waliifanyia mitambo kazi nzuri mahali ambapo hakuna jicho la mtu lingefika, chini ya maji, na faida ikaenda kwa watu wasiowajua, Watanganyika na Wakongo na wengine, kizazi baada ya kizazi. Basi ikiwa mgeni anaweza kumtendea mgeni hivyo bila kukusudia, ni ajabu kama ndugu, kwa sababu tu ni ndugu, aachiwe atende kidogo zaidi.

Iko hatari nyingine, na hii haimhusu baba mdogo bali mwana mkubwa mwenyewe. Ameanza kazi hii kwa ajili ya baba yake. Kila ubao aliokwangua ulimkumbusha kitu. Sasa, kisu kikiingia katika mkuku wenyewe, si kidogo tu mwishoni bali katikati, kikaingia mpaka mpini, afanye nini? Ubao hubadilishwa. Mota hutengenezwa: buji mpya, kabureta isafishwe, kile kigurudumu cha mpira kilicho ndani ya pampu ya maji kibadilishwe, maana hukauka na kupasuka mota ikikaa muda mrefu bila kazi, na ijapokuwa ziwa liko mita 1,460 juu ya bahari, ambako hewa nyepesi huinyima mota sehemu ya nguvu zake, bado itasukuma. Lakini mkuku uliooza katikati, kwa watu wasio na karakana kubwa, ni mwisho wa mashua.

Hapo ndugu wote watamtazama. Mjomba amekwisha leta mbao. Mama amepika majuma mawili. Na moyo utamwambia kwamba kuiacha ni kumzika baba mara ya pili. Ni hoja yenye nguvu, tena ni hoja ya uongo. Marehemu hakuacha mbao. Aliacha jina la mtu ambaye watu walipanda mashua yake bila hofu. Anayeshusha majini mkuku uliooza kwa heshima ya baba huyo analitoa jina lile kama rehani. Mbao nzima zing'olewe, zijenge mtumbwi mdogo wa kuvulia sambaza. Mota iuzwe au ingoje mashua nyingine. Na kama mama akilia, mwana na akae karibu naye. Chozi hilo halihitaji hoja.

Lakini tuseme mkuku ni mzima. Mashua imepimwa, imefungwa, imepakwa rangi. Mota imejaribiwa ndani ya pipa la maji, imenguruma. Inafika siku ya kuishusha. Mtu angefikiri kwamba maswali yamekwisha. Kumbe swali lilelile linamngoja mwana mkubwa ufukoni, limevaa nguo za sikukuu.

Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iitwayo Merdi ilitoka Minova kuja Goma. Vita vilikuwa vimefunga barabara, kwa hiyo watu wengi, wachuuzi na mama na watoto, walikuwa wamekimbilia njia ya ziwa. Ilikuwa imejaa kupita uwezo wake. Ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, ilipokuwa karibu kufika, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakingoja ufukoni, na watu makumi kwa makumi wakafa. Wengi katika mji bado wana msiba wa siku ile. Mashua inaweza kuwa na kila ubao mzima na bado ikaua, ikiwa aliye mlangoni hawezi kusema, Basi, inatosha.

Na ni nani aliye mgumu kuambiwa neno hilo? Mgeni ataudhika, ataenda zake. Ndugu hataenda. Atasema, "Mimi niliyeleta mbao, unaniacha?" Mwingine atasema, "Nani alifunga mota?" Watoto wamekwisha ruka ndani. Wote wamefanya kazi, wote wana haki ya furaha, na hakuna hata mmoja anayetaka kulipwa isipokuwa hivi tu, kupanda siku ya kwanza. Mashua inachukua watu kumi na wawili. Ufukoni wamesimama ishirini, na kila mmoja ana lami kwenye vidole.

Mwana mkubwa na asihesabu kimoyomoyo. Na ahesabu kwa sauti, kwa kidole, mbele ya wote, kama walivyotia chaki. Wa kwanza na awe mama. Wa pili baba mdogo, naye akae pale chini, karibu na mstari wake, akiwa na kopo la kuchotea maji, maana siku za kwanza mashua iliyokaa nchi kavu hutoa jasho bado. Kisha watoto, na wa kuwashika. Yeye mwenyewe nyuma, penye mota. Akifika kumi na wawili, anyamaze, akabidhi kamba kwa mjomba aliyeleta mbao, na mjomba aisukume mashua kutoka ufukoni, akibaki na wale wanane kungoja safari ya pili.